Jua la Padre López

Mwaka 1561 padre wa Kihispania, Ruy López, alitoa kitabu cha sataranji, na humo akashauri kwamba mpinzani wako umkalishe pale jua litakapompiga machoni. Wachezaji huucheka ushauri huo, kisha wanakimbilia ufunguzi wenye jina lake: askari wa mfalme hatua mbili, farasi atoke, halafu askofu aende kumkabili farasi wa mwenzako. Nami nilikimbilia huko huko. Niliukariri mpaka mke wangu, asiyejua hata kete zinavyopangwa, akawa anajua zamu ya askofu.

Kwenye mashindano nikapangiwa meza ya dirishani, katika ukumbi mmoja wa shule Dar es Salaam, saa tisa alasiri. Pazia halikuwapo, zilibaki pete zake kwenye fimbo. Binti wa sekondari akaketi, dirisha likiwa mgongoni kwake.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu."

Hatua mbili zikaenda kama kitabuni. Ya tatu, askofu. Nikanyoosha mkono, uso nimeukunja kama ndimu iliyokamuliwa, nikashika kichwa cha kete na kuinua. Mfalme! Wamepangwa ubavu kwa ubavu hawa wawili, na aliyewapanga hakuwahi kucheza akitazama jua la Dar.

Sheria haina huruma: ukishika, umecheza. Mfalme alikuwa na mraba mmoja tu wa kwenda, hatua moja mbele, na alipotua pale akamzibia askofu njia. Mwamuzi akapita, akatazama ubao, akanitazama mimi, akaenda zake.

Kumbe binti naye alikuwa na msomo wake. Mwaka 2021 bingwa wa dunia wa wakati huo, Magnus Carlsen, alimtoa mfalme kwenye hatua ya pili tu dhidi ya Hikaru Nakamura, naye Nakamura akamtoa wake. Wakacheka, wakatoka sare. Tangu hapo mfalme akitoka mapema, vijana hawajui wacheke au waogope. Huyu aliogopa. Akashika tama, akautafuta mtego, saa yake ikila dakika. Mimi nilikaa nimekunja uso vile vile, kwa sababu ya jua, naye nadhani alidhani nawaza.

Alinifunga, lakini kwa jasho. Tulipokwisha kupeana mikono akafungua daftari.

"Anko, ule ufunguzi unaitwaje?"

"Wa Kihispania," nikamwambia.

Akaandika.