Sifa za Neno la Futi Moja na Nusu

Katika vivumishi vyote vya Kiingereza, ninachokipigia saluti ni sesquipedalian. Kina herufi 14, na maana yake haizidi hii: neno refu kupita kiasi, au mtu mwenye maradhi ya kupenda maneno ya namna hiyo. Kiingereza kina long, herufi 4, ambalo lingeimaliza kazi hiyo asubuhi na mapema. Lakini nani alipata kupigiwa makofi kwa kusema long?

Nasaba yake ni ya Kirumi. Mshairi Horace, aliyefariki mwaka 8 kabla ya Kristo, aliwaambia watunzi wa tamthilia kwamba shujaa aliyebaki fukara uhamishoni ayatupe maneno ya futi moja na nusu, kama anataka watazamaji wamwonee huruma. Kwa futi ya Kirumi, hizo ni sentimita 44 hivi. Waingereza wakaipokea kejeli hiyo kwa mikono miwili na kuivaa kama joho.

Fadhila ya kwanza ya neno hili ni uwazi: linatenda kosa lile lile linalowashtakia wenzake, mbele ya hakimu, bila soni.

Tena linamkinga msemaji. Waulize waliopitia midahalo ya sekondari. Kijana ameishiwa hoja, anafyatua neno kama hili. Ukumbi unalipuka, mpinzani anaduwaa, mwalimu anatikisa kichwa kwa busara, maana naye kamusi hana karibu.

Wenye husuda watasema Kiswahili kina marefu zaidi. Kweli. Wasingalitukumbusha lina herufi 19, na mtoto hulitamka huku anatafuna muwa. Hapo ndipo penye upungufu wetu! Wa- ni watendaji, -singali- ni kukanusha kwa sharti lisilotimia, -tu- ni sisi, na kilichobaki ni kitendo chenyewe. Kila kiungo kiko kazini, ndiyo maana neno hilo halijampa mtu hadhi. Ukubwa, kama tujuavyo maofisini, unataka watu wa kukaa bure.

Mwandishi George Orwell alishauri mwaka 1946 kwamba fupi likitosha, refu lisitumike. Ushauri mzuri kwa mwenye la kusema.

Nawe msomaji, ukilihitaji litumie kwa mzaha, mbele ya mtu anayelijua. Kwenye barua ya kuomba kazi, liache.