Breki za Upepo Hazina Adabu

Jamani, nani aliwaambia kuendesha semi ni kukaa juu na kupiga honi? Mimi ndivyo nilivyojua. Utingo mzoefu, tairi nabadilisha, turubai nafunga, nini tena?

Tunatoka Tunduma, tumebeba shaba ya Zambia. Mteremko wa Kitonga akashusha mwenyewe mzee, suka wetu. Gia ndogo, ekzosti breki inakoroma, breki ya mguu anaikanyaga, mwendo ukipungua anaiachia ipoe. Nikasema moyoni, mzee kachoka, anaogopa mteremko. Tulipofika Ruaha Mbuyuni akanipa usukani. Basi mdomo ukanikauka.

Tuta hilo mbele. Nakanyaga. Kimya. Naongeza. Kimya. Nashindilia mguu mzima. Ndipo upepo ukafika, wote kwa pamoja! Mzee uso kwenye dashibodi. Chai yake kwenye karatasi za mizani. Tela nyuma likatupiga kikumbo, dum!

"Mwanangu, hii si breki ya oili kama ya pikapu. Upepo unasafiri mpaka kwenye tela. Kanyaga kidogo, subiri. Ukikaribia kusimama, legeza."

Nisubiri, na tuta linakuja? Nikabuni ya kwangu: nikawa napampu. Kanyaga, achia, pshh! Kanyaga, achia, pshh! Kumbe kila pshh ni upepo unaokwenda zake. Mshale wa upepo uliokuwa juu ya 100 ukaanza kushuka. Ukafika kama 60, kengele ikalia. Nikapapasa mfukoni, nikidhani napigiwa simu.

"Weka pembeni! Ukishuka zaidi ya hapo springi zinafunga matairi zenyewe, tutalala hapa!"

Tukakaa pembeni injini inanguruma, kompresa ijaze mitungi upya. Mbele ya nani? Wauza vitunguu. Mama mmoja akanyanyua ndoo, akaniangalia, akamwuliza mzee: "Baba, gari ndilo bovu au huyu kijana?" Mzee asiyecheka tangu nimjue akacheka mpaka akakohoa. Akanunua na ndoo ya vitunguu, kwa hela yangu ya kula.

Nimerudi kufunga maturubai, ila ananipa usukani kwenye tambarare, mara mojamoja. Kwa hiyo wewe wa gari dogo, unayeovateki semi halafu unachomekea mbele yake na kufunga breki, acha. Mzee anaweza kukukwepa. Siku hiyo huenda niko mimi.