Baiskeli ya Ndoto
Baiskeli ya chuma ya safari ndefu huundwa kwa hatua tano. Ya kwanza ni kumshawishi mwenza nyumbani kwamba baiskeli nne zilizopo hazitoshi.

Ya pili ni fremu. Mabomba yenye sifa kubwa ni Reynolds 531 ya Uingereza, yaliyoingia sokoni mwaka 1935. Kuta zake ni nene kwenye ncha na nyembamba katikati, ili kupunguza gramu kadhaa ambazo mwenye baiskeli huzirudisha mwilini jioni hiyohiyo mezani.

Ya tatu ni magurudumu. Kitovu cha mbele hubeba dinamo ya volti 6 na wati 3: mwanga wa kutosha kuuona mlima, si kuupanda. Ya nne ni siti ya ngozi ya Brooks, ngumu kama ubao. Kwa miezi kadhaa haijulikani nani anamzoea nani. Ya tano ni kusubiri madigadi yenye rangi inayolingana na karia.

Lengo hutajwa kuwa Paris–Brest–Paris nchini Ufaransa, safari iliyoanza mwaka 1891, yenye kilomita 1,200 za kumalizwa ndani ya saa 90. Baiskeli nyingi huishia mgahawani, zimeegemezwa ukutani zikipigwa picha.

Wakati huohuo, barabarani Tanzania, baiskeli nyeusi ya Phoenix isiyo na gia hupita na magunia mawili ya mkaa. Nayo ni ya chuma. Mwenyewe hana ndoto. Ana mteja anayesubiri.