Kinamasi Kimecheua

Machi 1966, jimboni Michigan, Marekani, taa zilionekana zikielea juu ya kinamasi karibu na mji wa Dexter. Waliziona wakulima, wakaziona na polisi. Kule Hillsdale wakaziona wasichana wa chuo, wamejazana madirishani bwenini. Jeshi la Anga likamtuma mshauri wake wa astronomia, Profesa J. Allen Hynek. Siku chache tu, akaketi mbele ya waandishi wa habari Detroit akasema huenda ni gesi ya kinamasi: majani yameoza majini, gesi ikapanda, ikashika moto. Alisema “huenda”, jamani, lakini neno hilo halikufika magazetini likiwa hai.

Hebu jiweke mahali pa yule polisi. Umesimama kwenye baridi, kofia mkononi, macho juu. Siku chache baadaye unaambiwa kinamasi kilicheua. Hata mbunge mmoja wa Michigan, Gerald Ford, alitaka Bunge liitishe kikao.

Jeshi lenyewe, kati ya 1947 na 1969, lilipokea taarifa 12,618 za vioja vya angani kama hivyo. Nyingi zilipata mwenyewe: puto, ndege, kimondo, na Zuhura. Maskini Zuhura! Yupo angani tangu kabla ya Nuhu, kumbe ana kesi. Zilizokosa mwenyewe ni 701, zikafungiwa kabatini.

Na profesa? Mwaka 1973 akafungua kituo chake mwenyewe cha kuchunguza taa zile zile. Kinamasi cha Dexter, nadhani, hakikupewa kadi ya mwaliko.