Baba Mkubwa na Koki ya Tangi

Mwezi wa Agosti hapa Daa, wilayani Karatu, upepo unashuka kutoka mlima Oldeani ukiwa mkavu, vumbi jekundu linapenya hadi kwenye mkebe wa chumvi, na maji yanapimwa kwa ndoo. Ndiyo maana tangi letu la plastiki, lililokaa juu ya mawe karibu na jiko, lina heshima yake. Mama mkwe hapiti bila kuligonga kwa kidole, asikie maji yamefika wapi. Siku lilipomwagika karibu lote, ngwara, mikunde yetu ya msimu mzima, zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai hatua chache chini yake.

Chanzo kilikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ujanani alikuwa winga wa kushoto, na watu wa makamo wa kata hii wakimwona hadi leo husimamisha maongezi. Katika wilaya iliyomzaa Filbert Bayi, bingwa aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, si rahisi mcheza mpira kukumbukwa namna hiyo. Alipokuja kupumzika nyumbani, vijana waliokuwa wakijiandaa na mashindano ya kata walimfuata awanoe. Akakubali kwa moyo wote. Jioni hiyo kiwanja kilikuwa na mkutano, kwa hiyo mazoezi yakahamia uani kwetu.

Alichomeka miti miwili ya mkaratusi iwe goli, akaweka mpira chini, kisha akasema tangi ndilo ukuta wa mabeki. "Tazameni." Akapiga. Mpira ulikwenda kana kwamba unalifuata tangi, ukajipinda dakika ya mwisho, ukapita ubavuni na kuingia katikati ya miti. Uwanja mzima ulipiga kelele, nami nikapiga kelele nikiwa na mwiko mkononi. Ulikuwa mpira mzuri kweli.

"Baba Mkubwa, unafanyaje?" mwanangu wa pili akamuuliza.

"Si nimekuonyesha? Tazama tena."

Akarudia, mpira ukajipinda vilevile. Kijana mmoja akajaribu, mpira ukapaa hadi shamba la jirani. Mwingine akajaribu, ukabiringika tu. Shemeji akawa anaumia, unamwona usoni, kwa sababu alikuwa anawapa kitu chake bora kabisa na hakuna aliyekuwa anakipokea. "Tazama mguu wangu!" Wakatazama. Mwanangu akarudi nyuma, akakimbia, akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira haukujipinda. Ulinyooka kama fito ukaing'oa koki.

Maji yalitoka kwa kishindo yakaingia moja kwa moja kwenye turubai. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kufika, akizoa ngwara kwa upande wa kitenge. Mimi nilitumbukiza gunzi la hindi kwenye tundu, nikalizungushia kitambaa, nikasukuma. Lilishika, lakini tangi lilikuwa limebaki na maji ya kupikia ugali wa jioni ile tu. Vijana waliokota punje moja baada ya nyingine kwenye tope mpaka giza likaingia, na mwanangu analia.

Mezani ndipo mambo yalipochemka. Mume wangu alisema waziwazi kwamba kucheza ni kazi moja na kufundisha ni nyingine, akamtaja Emmanuel Amunike. Mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1994, aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huohuo, akacheza hadi Barcelona. Alipokuja kuinoa Taifa Stars, kwenye kombe hilohilo kule Misri mwaka 2019 tulipoteza mechi zote tatu, kwa Senegal, Kenya na Algeria, na mwezi Julai akaondoka.

"Nani alitufikisha Misri?" shemeji akamjibu. "Miaka 39 tulikuwa tunatazama wenzetu. Machi 24 ya mwaka huo tumempiga Uganda tatu bila, kocha nani?" Kisha akamleta Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu Simba ilipoizamisha Yanga 6-0 mwaka 1977, na ndiye aliyekuwa kocha Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Mume wangu naye akamtupia Maradona, kocha aliyefungwa nne bila na Ujerumani mwaka 2010, na Mourinho ambaye hakuna anayemkumbuka akicheza.

Mimi naona wote wawili walikuwa wanataja majina tu. Kabla ya kuja kwetu, Amunike alikuwa amekaa na watoto wa Nigeria wa chini ya miaka 17 na kutwaa nao Kombe la Dunia mwaka 2015. Mabao ya fainali hayakumfundisha kukaa na kijana ambaye mguu wake haujatii bado. Hiyo ni kazi aliyoianza upya, kama mwanafunzi, na ndiyo inayotenganisha gwiji anayefundisha na gwiji anayeshangiliwa mazoezini.

Mama mkwe hajawahi kupiga mpira maishani mwake. Alimsikiliza mwanawe mkubwa mpaka akamaliza, ndipo akamuuliza: "Ukipiga na wa kushoto, wa kulia unauweka wapi?"

Shemeji alifungua mdomo akaufunga. Hakujua. Miaka yote ile mguu wa kulia ulikwenda wenyewe.

Asubuhi nilimkuta uani na binti yangu mdogo. Amemwaga majivu ya jikoni kuzunguka mpira, anapiga, halafu wanainama wote wawili kutafuta nyayo. Mguu wa kulia ulikuwa unatua pembeni ya mpira, si nyuma yake, vidole vikielekea nje kidogo ya goli. Kifua kilikuwa juu ya mpira. Kumbe waliopaisha walikuwa wanaegemea nyuma, na mwanangu alikuwa anaupiga mpira katikati badala ya ubavuni. Shemeji alimwita, akamchorea alama ya majivu ya kukanyaga, akamwambia asipige kwa nguvu, apige polepole. Akamshika kifundo cha mguu kwa mkono wake mwenyewe akakielekeza. Hakusema "tazama" hata mara moja.

Koki mpya alinunua yeye Karatu mjini, na maji yaliletwa kwa punda. Vijana walitolewa nusu fainali, lakini bao lao moja lilikuwa la mpira wa adhabu uliozunguka ukuta. Sasa shemeji anaulizia kozi ya leseni ya ukocha, ile ya daraja D, na mume wangu anamwambia amechelewa. Mimi namsukuma aende, tena nimemwambia ada ikimpungukia gunia moja la ngwara lipo.