Barua ya Wazi kwa Wasambazaji wa Superman IV

Kwa Uongozi wa Warner Bros.,
Burbank, California, Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KUBANA MATUMIZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Watazamaji wa filamu za mashujaa wenye nguvu zinazopita za kibinadamu wanaupongeza uongozi kwa kuisambaza, mwaka 1987, Superman IV: The Quest for Peace, mwendelezo uliothibitisha kuwa hata mtu anayezuia makombora kwa mikono yake anaweza kushindwa na mhasibu. Kampuni ya Cannon, iliyoitengeneza, ilikuwa na miradi mingi kwa wakati mmoja, hivyo bajeti iliyotarajiwa kufikia takriban dola milioni 36 ikashuka hadi takriban milioni 17, na Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa, ambayo mabalozi wa dunia nzima wamezoea kuyafuata New York, yakahamishiwa Milton Keynes, Uingereza, bila azimio lolote kupigiwa kura.

Suala la kuruka linastahili pongezi za pekee. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1978, Zoran Perisic alibuni mfumo uliounganisha lenzi ya kamera na ile ya projekta, yaani mashine inayorusha picha kwenye pazia, zikawa zinavuta kwa pamoja, hata mwigizaji aliyening'inizwa mahali pamoja akaonekana anakuja au anakwenda zake; kazi hiyo ya madoido ilipata tuzo maalumu ya Oscar. Filamu ya nne iliona ubadhirifu huo hauna maana, ikachukua picha moja ya Superman akiijia kamera na kuirudia mara kwa mara, mandhari tu ya nyuma yakibadilika. Gharama ya vazi la mwanaanga nayo iliokolewa, kwa kuwa Lacy Warfield, binadamu wa kawaida asiye na nguvu yoyote, alibebwa hadi anga za juu akiwa na nguo zake za kawaida na akarudi mzima.

Jambo moja halifai kuchekwa. Christopher Reeve, mwigizaji mkuu (stelingi, kama wasemavyo watazamaji wa mitaani), alishiriki mwenyewe kutunga hadithi hii, ambamo mtoto wa shule anamwandikia Superman barua kumwomba aiondolee dunia silaha za nyuklia. Wazo hilo lilikuwa zito kuliko mengi yaliyowahi kupewa shujaa huyo, lakini mtazamaji hawezi kuiogopea dunia ambayo inaonekana waziwazi kuwa imejengwa kwa fedha za kuungaunga, na hapo ndipo filamu ilipoanguka, wala si kwenye nia yake.

Kwa heshima zote, uongozi unaombwa kuzingatia kwamba filamu iliyofuata, Superman Returns, ilitoka mwaka 2006, baada ya miaka 19, na watunzi wake waliijenga juu ya zile mbili za mwanzo, wakaipita ya tatu na hii ya nne bila hata kuzitaja.