Huduma ni ya Siri, Saini Hapa

Nilikwenda pale nikiwa mzima. Hilo naomba lieleweke mapema, kwa sababu mama yangu mpaka leo anaamini nilipelekwa. Nilipompigia simu kumwambia nimepata fildi kwenye asasi ya afya ya akili ya wanafunzi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa majirani wasije wakasikia: "Mirembe?" Nikamwambia hapana mama, Mirembe iko Dodoma, mimi niko Dar es Salaam, Sinza, ghorofa ya pili, chini kuna duka la vipodozi. "Haya baba, Mungu mwema," akasema. Jioni ile shangazi zangu watatu walinipigia, mmoja baada ya mwingine, kuniuliza kama ninakula. (Ningekuwa mtoto wa Unguja ingetajwa Kidongo Chekundu, na wa Nairobi Mathari. Kila mji una hospitali yake ya kutishia watu.)

Fildi, kwa ambaye haikumpitia, ni wiki nane za kukaa kwenye ofisi ya watu ukijaza logibuku. Siku moja supavaiza anatoka chuoni kuja kuhakikisha upo, anakunywa soda, anaondoka. Fildi hufanyika likizo ndefu. Mwenye akili timamu ameshaona tatizo: asasi inahudumia wanafunzi, na wanafunzi wako likizo, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao. Hilo halikumzuia Bosi kuandika kwenye mpango kazi kwamba mwezi wa tisa tutaweka hema chuoni "kuwafikia vijana". Mfadhili ameshaambiwa mwezi wa tisa, basi ni mwezi wa tisa. Tukaweka hema. Siku ya kwanza walitufikia vijana wawili, na mmoja alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Siku ya pili wakaanza kurudi watu wa sapu, yaani waliofeli somo na wanakuja kurudia mtihani.

Mtu wa sapu humtambui kwa sura, unamtambua kwa mwendo. Anapita karibu na ukuta, na begini ana noti za watu wengine. Nyumbani ameaga kwamba anakwenda "kufuatilia kitu kidogo chuoni". Kama kuna binadamu aliyestahili hema letu, ni huyu. Lakini ukimwambia karibu, huduma ni bure, anatazama kushoto, anatazama kulia, anauliza, "Kuna nauli?" Simlaumu. Nchi hii imemzoesha kwamba semina ina chai, maandazi na bahasha, na asasi inayokuita ukae chini uongee bila bahasha inatia shaka.

Kazi yangu, kwa mujibu wa barua, ilikuwa "kusaidia shughuli za ushauri nasaha". Kwa mujibu wa mgongo wangu, nilikuwa mbeba viti. Halafu nikawa mtu wa tishu. Ushauri nasaha unakula tishu kuliko msiba. Mhasibu akasema nitangulize hela yangu, nitarudishiwa, mradi nilete risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Mangi, mwenye duka la jirani, tishu anazo, tena bei nzuri, ila risiti yake ni kipande cha boksi la sigara. Nikapanda daladala mbili hadi supamaketi, nikanunua katoni, shilingi 18,500, nikarudi nimeikumbatia risiti kama cheti cha kuzaliwa. Nauli sikurudishiwa, kwa kuwa konda hatoi EFD.

Chombo chetu kikuu cha kazi kilikuwa hojaji iitwayo PHQ-9. Watafiti wa Marekani waliitoa mwaka 2001, na sasa inazunguka dunia nzima. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Inapima sonona. Na hapo ndipo tulipoanza kupotezana, maana ukimuuliza kijana wa Tandale kama ana sonona, atakwambia hajapima. Anachojua yeye ni "mawazo". "Fulani ana mawazo" ni habari iliyokamilika, kila mtu mezani ameshaelewa na soda inasogezwa. Bosi alikataa neno mawazo kwenye bango, akasema si la kitaalamu. Tukaandika sonona. Watu wakawa wanapita wakidhani ni jina la asasi.

Maswali yenyewe si mabaya. Yanauliza kama umekosa usingizi, kama hamu ya kula imepotea, kama unashindwa kutuliza akili kwenye kusoma. Ila kwa mtu wa sapu hizo si dalili, ni ratiba. Kijana mmoja aliniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, "Kaka, hapa kwenye usingizi nijaze kabla ya Hesabu au baada?"

Wengine walijaza 0 mstari mzima, kuanzia juu hadi chini. Nilikasirika kwanza, baadaye nikaelewa. Wewe unamuuliza Mswahili hali yake unategemea nini? Tumelelewa kwamba ukiulizwa habari, jibu ni nzuri. Nimewahi kufika msibani nikauliza "Habari za hapa?" nikajibiwa "Nzuri tu, ila ndiyo hivyo, mzee ametutoka." Nzuri kwanza, maiti baadaye. Sasa huyu huyu umpe karatasi na kalamu ya bluu, akuandikie kwamba karibu kila siku anajiona hafai? Anaandika 0. Anakurudishia karatasi. Anasema, "Poa, kaka."

Lakini kilichonimaliza ni fomu ya mahudhurio. Mlangoni mwa hema tulibandika karatasi yenye herufi kubwa: HUDUMA NI YA SIRI. Chini yake palikuwa na meza, juu ya meza fomu ya mfadhili, na mimi nyuma ya fomu. Jina kamili, chuo, mwaka wa masomo, namba ya simu, saini. Kwa hiyo kijana aliyejikaza siku nne mpaka akapata ujasiri wa kuja kuongea jambo ambalo hajamwambia hata ndugu yake, anakutana na mimi namwambia, "Karibu sana, huduma ni ya siri, saini hapa," na kabla hajasaini anasoma majina ya wote waliomtangulia, mmojawapo wa darasani kwake. Nililisema hili kwenye kikao. Bosi akanishukuru kwa mchango, akasema bila saini mfadhili atajuaje kama walikuja? Kuanzia hapo vijana wakajisajili wanavyojua wao. Mwisho wa wiki, kwa mujibu wa fomu, tulikuwa tumemhudumia Diamond Platnumz mara mbili na Mbwana Samatta mara moja. Ripoti ikapita.

Halafu likaja benchi. Zimbabwe kuna daktari wa akili, Dixon Chibanda, ambaye mwaka 2006 alianza kule Harare na bibi 14. Akawafundisha kukaa kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi kwa Kishona. Kumbe na wao neno lao ni mawazo. Chibanda alikuwa amempoteza mgonjwa ambaye hakuwa na nauli ya kufika hospitali. Nilisoma habari hiyo usiku nikanyamaza, maana pale kwetu nauli ilikuwa kichekesho. Bosi naye alikuwa amesoma. Asubuhi akaagiza benchi Keko. Fundi akaleta benchi zuri la mninga, likawekwa chini ya mwarobaini. Bibi ndiye tuliyemsahau. "Utakaa wewe kwa muda," nikaambiwa. Miaka 23, ndevu tano, bibi ndiye mimi.

Msiniambie kwamba bibi wetu ni mama ntilie. Najua makala zinavyokwenda. Mama ntilie wa chuo kile ana daftari la madeni na jina la mtu analisoma kwa sauti, huku foleni ikisikiliza. Nusu ya wateja wangu walikuwa wanamkimbia yeye.

Nilikaa. Walikuja, kila mmoja akiwa ametumwa na "rafiki yake". Rafiki amekatwa mkopo. Rafiki hajui atamwambiaje baba kwamba anarudia mwaka. Nilijifunza kutouliza jina la rafiki. Na swali la tisa kwenye ile hojaji linahusu mawazo ya kufa, na hapo utani wangu huishia. Maelekezo ni kwamba mtu akiweka alama yoyote pale, hata 1, jumla yake haina maana tena, unamwita mshauri wa asasi, Dada, hapo hapo. Ilitokea mara moja, nikamwita. Alitoka kwenye chumba chake akikimbia, pekupeku, viatu kaviacha chini ya meza, akaketi kwenye benchi na yule kijana mpaka giza likaingia. Nilijikuta nimeshika viatu vyake bila kujua niviweke wapi. Katika asasi ile, kuhusu dada yule sina lalamiko.

Wiki ya mwisho wakaandaa siku ya wafanyakazi kujitunza. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi, kuhudhuria lazima, viti 40 nilivibeba mimi. Tulipokuwa tumefumba macho tukivuta pumzi, mhasibu akaninong'oneza kwamba ile risiti yangu ya tishu imefifia, herufi hazisomeki, kwa hiyo hawezi kulipa. Zile risiti za mashine ndivyo zilivyo, maandishi yake hayana subira, na yeye alikaa nayo wiki sita.

Usiku ule nilijaza hojaji mwenyewe, kwa ukweli, bila "nzuri" wala "poa". Nikapata 11. Ukifikisha 10 unatakiwa umwone mshauri. Jumatatu nilikwenda kwa Dada, nikakaa, nikaongea, hata tishu nikapewa. Nilizitambua.

Wamenialika tena Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, nijitolee. Nauli kila mtu atajitegemea. Nitakwenda, ila kabla sijagusa kiti hata kimoja nitapita kwa mhasibu. Ni shilingi 18,500.